Tangi lililokaa siku 29 bila samaki

Kila mgeni aliyeingia ukumbini kwa kijana wa kaka yangu, hapa Vitongoji, Pemba, alikuwa na swali lile lile: samaki wako wapi? Tangi la kioo lilikuwa limesimama karibu mwezi mzima, maji yanang'aa, mapovu yanapanda, taa inawaka, na ndani hamna kitu zaidi ya mchanga na mawe mawili. Bibi mmoja jirani akaamua kwamba kijana ameishiwa na fedha. Kumbe samaki alikwishawanunua zamani. Alinunua 20, wakafa 16 ndani ya siku tisa. Tangi lile tupu lilikuwa jaribio la pili.

Nimeyafuatilia majaribio yote mawili, na ninayachambua hapa kwa sababu la kwanza lilifuata karibu kila kitu ambacho muuzaji wa samaki wa mapambo humwambia mteja.

Kosa halikuwa kwenye ufundi. Tangi lina urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40, la kioo cha milimita 6. Fundi wa vioo aliliunganisha kwa silikoni ya kawaida isiyo na nyongeza, ile inayonuka siki inapokauka. Nyingi ya zile za bafuni hutiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likijazwa hadi sentimita 36 hubeba lita 100 na ushei, yaani kilo mia za maji kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya televisheni ikipewa mzigo huo hupinda kidogo kidogo, na kioo hakikubali kupinda. Kijana alichongesha meza ya mbao nzito, akaiweka sawa kwa pima maji, akatandika sponji ngumu juu yake, kisha akaliacha tangi uani siku nzima na usiku wake likiwa limejaa ili aone kama linavuja. Halikuvuja. Hapo sina la kusahihisha.

Siku ya pili baada ya kuliingiza ndani akatia gapi 20 waliotoka Dar es Salaam. Siku ya sita walikuwa wamejipanga juu, midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Akanipigia simu.

"Ami, maji ni masafi, naona mpaka ukuta wa pili. Wanakufa kwa nini?"

Nilipofika nikakuta ameshamwaga maji yote, ametia mapya, na sponji ya kichujio ameisugua chini ya mfereji mpaka imerudi rangi ya dukani. Kwa mtu aliyelelewa kwamba usafi ni nusu ya dini, angefanya nini kingine? Lakini alikuwa amefuta siku zote sita na kuanza upya.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula na kinyesi vikioza navyo huongeza amonia. Ziwani au mtoni uchafu huo hukutana na bakteria wanaoishi kwa kuutumia. Mwanasayansi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa namna hiyo mnamo 1890: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba hewa, ndipo samaki anahema katika maji yenye hewa tele. Nitrati ni pole kiasi kwamba mtu anaweza kuipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Mnamo 2015 watafiti waligundua bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Wawe wa aina yoyote, bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hushika kwenye vitu: mchanga, mawe, na zaidi ya yote sponji inayopitiwa na maji. Tangi jipya hawamo wa kutosha, na sponji iliyosuguliwa kwa maji ya mfereji yenye klorini huwapoteza hata wale wachache walioanza.

Hayo yamo katika vitabu vya wafugaji. Kisichomo ni Vitongoji.

Pemba ya magharibi ina vilima vya udongo na mikarafuu. Huku mashariki tumekaa maweni, juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikipenya kwenye jiwe hilo huyeyusha chokaa, na ndiyo maana birika la chai huvaa ganda jeupe ndani. Kijana alikuwa ametumia maji ya kisima, na chini ametandaza mchanga mweupe wa pwani, ndoo moja. Tulidondoshea mchanga ule maji ya ndimu, ukatoa povu: chokaa tupu. Kipimo cha matone nilichoagizia Dar kikasoma pH 8.2, na joto la maji lilikuwa nyuzi 28.

Hapa ndipo hesabu ilipotuonesha wale gapi walikufa kwa nini haraka vile. Amonia majini huwa na sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayogawa. Kwa nyuzi 28 na pH 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8.2 inafika asilimia 10. Kiasi kile kile cha uchafu, tangi lile lile, ila sumu imezidi kama mara 14. Mfugaji wa mji wenye maji laini anaweza kutia samaki mapema na akabahatika. Wa maweni habahatiki.

Ushauri wa kawaida ungekuwa kuondoa mchanga wa pwani na kukinga maji ya mvua ili kushusha pH. Mimi nilipinga. Bakteria wale wale tunaowataka huzalisha asidi wanapofanya kazi, na katika maji laini asidi hiyo hushusha pH mpaka kazi yao inazorota. Chokaa huimeza. Jiwe linaloifanya amonia iwe kali ndilo linalowaweka bakteria katika hali wanayoipenda, na joto letu linawaharakisha. Kwa hiyo tuliuacha mchanga, baada ya kuuosha mara kumi na mbili kuondoa chumvi, tukaendelea na maji ya kisima. Kilichobadilika ni mpangilio: bakteria kwanza, samaki baadaye.

Tangi tupu hulishwa. Kijana aliweka vidagaa vitatu vikavu ndani ya soksi nyembamba, akavining'iniza majini. Harufu ya wiki ya kwanza ilimgombanisha na mkewe, na simlaumu mke. Siku ya tano amonia ilisoma miligramu 2 kwa lita. Siku ya tisa nitriti ikaonekana. Siku ya 17 amonia ilikuwa sifuri, lakini nitriti imepanda mpaka rangi ya kipimo imefika mwisho. Hapo ndipo wengi hushindwa kusubiri, maana nusu ya kazi imekwisha na maji yanapendeza. Ikamchukua siku 12 zaidi. Siku ya 29 vyote viwili vilisoma sifuri saa 24 baada ya kutiwa kidagaa kipya, na nitrati ilikuwa juu. Akabadilisha nusu ya maji.

Hita hakununua, na sioni sababu ya mtu wa Pemba kununua. Tatizo letu ni la upande wa pili: maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7.6 tu, na kaskazi ikikolea ukumbi wa bati unafika huko bila shida. Samaki na bakteria wanagombea oksijeni hiyo hiyo. Tangu 2010 umeme wa kisiwa unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Siku ukikatika, pampu ya hewa inasimama na sponji inaanza kufa ndani ya saa chache. Kijana ana pampu ndogo ya betri za tochi. Imewahi kuwashwa usiku wa manane.

Safari ya samaki pia ilibadilishwa. Mara ya kwanza alifuata ushauri wa kudondoshea maji ya tangi ndani ya mfuko kwa saa nzima, ili samaki wazoee. Mfuko uliotoka Dar kwa meli hadi Mkoani umefungwa siku nzima. Hewa chafu ya samaki imeshusha pH yake, na amonia iliyojaa humo imelala katika sura yake ya upole. Ukiufungua na kuanza kuongeza maji ya pH 8.2, unaiamsha, huku samaki angali ndani. Mara ya pili aliuacha mfuko ukielea dakika 20 joto lilingane, akaufungua, akawatoa samaki kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko akayamwaga uani.

Kuhusu aina, nilimkatalia neoni. Ni samaki wa vijito laini vya Amazon, na kumleta maweni ni kumwonea. Gapi na moli hupenda maji yenye chokaa, na moli huvumilia hata chumvi kidogo ya kisima cha karibu na pwani. Akitaka rangi zaidi baadaye, wapo samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao wafugaji wa Ulaya huchanganya chumvi na chokaa za dukani kuwaigizia maji ambayo sisi tunachota kwa ndoo. Watoto wa jirani walitaka kitatange kutoka miambani. Kitatange ni wa bahari, na maji ya kisima yangemuua upesi. Nao gapi na moli wasije wakatupwa kijitoni mwenyewe akiwachoka, maana huzaana kuliko kuku.

Alianza na moli sita tu, wiki mbili baadaye akaongeza gapi sita. Sponji huikamua mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Mpaka naandika hajafa hata mmoja.

Tangi lake lina sponji mbili. Mwezi uliopita jamaa mmoja wa Chake Chake alianzisha tangi la lita 60, kijana akampa sponji moja ikiwa mbichi, imefungwa kwenye mfuko pamoja na maji yake. Vipimo vya yule jamaa vilisoma sifuri siku ya tisa.