Sikio la mwenzako: programu ya polisi wa Montréal ilifanya nini, na haikufanya nini

Kila mara afya ya akili ya mapolisi inapotajwa, wenzetu wengi wanajibu haraka: eti, shida zao zinatuhusu nini, sisi wenye kusumbuliwa nao ku barabara? Swali hilo si baya, na nitalirudilia. Lakini kwanza tuangalie programu moja yenye inasifiwa sana, ile ya polisi wa mji wa Montréal, kule Kanada. Miye nilikutana nayo wakati wa kuandika TFC yangu, na naona watu wengi wanaisifu bila kusoma vizuri.

Programu ilianza 1997, jina lake «Ensemble pour la vie», maana yake Pamoja kwa ajili ya uhai. Ilikuja juu ya mapolisi wenye walikuwa wanajiua. Iko na sehemu ine. Kwanza, kila polisi alipewa mafunzo ya nusu siku: namna ya kutambua mwenzake yuko hatarini na namna ya kumsaidia. Pili, mashefu na wajumbe wa sendika walifundishwa siku nzima. Tatu, kukawa simu yenye mapolisi wa kujitolea, wenye kufundishwa, wanapokea wenzao. Ine, matangazo, ili kila mmoja ajue msaada uko wapi.

Matokeo yalichapishwa 2012 na Brian Mishara na Normand Martin. Katika miaka 11 ya mbele ya programu, hesabu ilikuwa 30.5 kwa kila mapolisi 100,000 kwa mwaka. Katika miaka 12 ya programu, ikashuka mpaka 6.4. Wakati huohuo, kwa mapolisi wengine wa jimbo la Québec haikushuka: ilikuwa 29.0. Si jambo dogo. Nyuma ya tarakimu hizo kuna baba na mama wenye walirudi nyumbani.

Lakini tusome kwa makini. Polisi ya Montréal ilikuwa na watu karibu 4,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwaka, kifo kimoja tu ni sawa na 25 kwa kila 100,000. Kwa kikundi kidogo hivyo, namba zinaruka kwa urahisi. Tena, hakuna aliyegawanya mapolisi kwa bahati nasibu, hawa wapate programu, wale wakose. Na sehemu zote ine zilienda pamoja. Kwa hiyo mtu anayesema «ni ile simu ya wenzao njo iliokoa watu» anasema zaidi ya yale utafiti unaweza kuonyesha.

Maoni yangu ni haya: sikio la mwenzako peke yake halitoshi. Polisi mwenye kuumia moyoni hakosi rafiki. Anaogopa. Anaogopa watamnyang'anya silaha, watamfungia ku biro, cheo kitampita, watasema ni mwoga. Na yule mwenzake wa kumsikiliza yuko chini ya shefu yuleyule! Ndiyo maana miye naona sehemu ya pili, ile ya mashefu, ni ya lazima, hata kama haitajwi sana. Shefu akicheka mtu aliyelia, simu itakaa kimya.

Siri nayo inahitaji kanuni. Sisi tunajua likelemba: hutoi franga zako kwa sababu mwenzako ana tabasamu nzuri, unatoa juu kila mtu anajua kanuni na zamu yake. Kule Marekani, sheria ya Novemba 2021 inakataza washauri-wenza wa polisi wa serikali kuu kutoboa siri walizoambiwa. Lakini imeacha milango: kama maisha ya mtu yako hatarini, au kama polisi amekiri kosa la jinai, siri hailindwi. Hapo njo tofauti kati ya kumsaidia mtu na kumficha.

Sasa upungufu mkubwa zaidi. Programu kama hii inamsaidia mtu, kisha inamrudisha ku kazi ileile: zamu za usiku zilezile, shefu mkali yuleyule. Tena, inapima upande mmoja. Utafiti wa Montréal unaishia 2008. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, polisi wa mji huo alimpiga risasi kijana wa miaka 18, Fredy Villanueva, kule Montréal-Nord, akafa. Sisemi programu ilisababisha kitu hicho. Nasema tunapoandika «polisi walipata nafuu», tuseme pia kama raia nao walipimwa. Hawakupimwa.

Na hapa narudilia swali la mwanzo. Inatuhusu, kwa sababu mtu mwenye silaha, mwenye halali usingizi na hana wa kumwambia, sisi njo tunakutana naye asubuhi. Kumtunza haiko kumsamehe. Raia anabaki na haki yake ya kushtaki.

Kesho proje ya namna hii inaweza kufika kwetu: mafunzo ya siku mbili, perdiemu, picha mbele ya bango, basi. Wasomi wenye watapewa kuiandika au kuipima, ni sisi. Tuulize mambo ine. Nani anatunza siri, na akiitoboa anapata adhabu gani? Polisi aliyesema ukweli anabaki na kazi yake? Shefu naye aliketi ku kiti cha mafunzo? Na raia aliyeumizwa, naye anasikilizwa wapi?

Kama jibu la hayo halimo, ile haiko programu. Ni bango tu.