Sulisuli wa mpaka wa maji

Anayeteremka kutoka Marafa kwenda Malindi huvuka Daraja la Sabaki, na hapo darajani, mvua za vuli zikishanyesha, mvuvi makini huanza kuusoma msimu. Mto Sabaki, unaoitwa Athi kule juu na Galana katikati ya safari yake, hufika pwani umejaa udongo wa bara. Kusi ikivuma, tope lake husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka, tope hugeuza njia na kushuka hadi ghuba ya Malindi. Wageni wa ufukweni hulalamika. Wavuvi wa mshipi wanaovua kwa burudani hufurahi, kwa kuwa kaskazi ndiyo msimu wa sulisuli.

Mbinu ya kwanza ya kumpata samaki mkubwa haimo katika ndoana wala rili. Imo katika kujua mahali. Sulisuli huwinda kwa macho, kwa hiyo ndani ya tope hana faida. Lakini nje kabisa, katika maji matupu ya buluu, chakula kimetawanyika. Anachokitafuta ni mpaka, pale maji ya kahawia yanapogusana na ya buluu na kuacha mstari unaoonekana wazi kutoka chomboni. Mwani na vijiti hukusanyika kwenye mstari huo, dagaa hujificha chini yake, na buabua huzunguka juu wakipiga mbizi. Nahodha anayejua kazi yake haukati mpaka huo na kwenda zake. Huufuata kwa upande wa buluu, akiingia na kutoka, na akiona buabua wamegeuka, naye hugeuka.

Kuna mpaka mwingine, mkubwa zaidi, usioonekana kwa macho. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaopanda kutoka Tanzania. Mikondo hiyo miwili hukutana katika bahari ya kaskazini mwa Kenya, na chakula huongezeka. Ndiyo maana Malindi na Watamu zikapata sifa ya sulisuli miongoni mwa wavuvi wa dunia nzima.

Mahali pakishapatikana, inabaki kazi ya chambo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chambo kizuri cha kurambaza ni chuchunge, yule samaki mwembamba mwenye taya refu la chini. Taya hilo huvunjwa, mdomo ukafungwa kwa waya laini wa shaba ili maji yasiupanue, kisha ndoana ya mviringo hufungwa juu ya kichwa. Haizamishwi mwilini hata kidogo. Ncha yake lazima ibaki wazi, maana ndoana ya aina hii hufanya kazi kwa kuteleza hadi pembe ya mdomo na kukamata hapo. Ikizikwa ndani ya nyama, haikamati kitu. Chuchunge aliyefungwa vyema huogelea amenyooka. Akianza kuzunguka kama pia, atolewe na afungwe upya, maana sulisuli hatamgusa na mshipi utasokotana.

Mwendo wa chombo nao umezungukwa na uvumi. Kwa miaka mingi vitabu vilidai kwamba sulisuli hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na wengine wakaona ni lazima wamkimbizie chambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliishusha hesabu hiyo mno: kasi yake ya juu kabisa haielekei kuzidi kilomita 36 hadi 54 kwa saa. Fundo tano au sita zinatosha sana kwa chuchunge, na kwa mwendo huo nyama haichaniki mapema.

Kisha huja sekunde chache zinazoamua kila kitu. Sulisuli hupiga kwanza kwa upanga wake, ndipo arudi kumeza. Mvuvi mgeni akihisi kishindo huvuta kwa nguvu zake zote, akampokonya samaki chakula. Mzoefu huuachia mshipi utembee huru, kidole kikiugusa tu usijisokote, huku samaki akigeuka na kumeza. Halafu hukaza breki ya rili polepole, wala hapigi mtikiso. Mshipi ukinyooka, ndoana hujikamatia yenyewe. Breki ikae kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Ikizidi hapo, mruko mmoja unatosha kuukata.

Anayetaka mkubwa zaidi ya sulisuli abadilishe chambo, na asitegemee bahati. Nduwaro hula samaki wenye mwili, na sehewa mdogo aliye hai, akivutwa taratibu nje kwenye maji ya kina kirefu, humshawishi kuliko chuchunge kumi. Zana nazo ziongezwe uzito.

Rekodi ya dunia ya sulisuli wa Pasifiki, kilo 100.24, iliwekwa Galápagos mwaka 1947 na haijavunjwa. Wa Malindi ni wadogo kuliko huyo kwa mbali, na kumuua samaki ili ajulikane uzito ni hasara isiyo na sababu. African Billfish Foundation, yenye makao Watamu, imejenga kumbukumbu ya miaka mingi ya samaki waliotiwa alama na kuachiwa katika bahari hii. Ndoana ya mviringo ndiyo inayowezesha kazi hiyo, kwa kuwa ni nadra kufika tumboni; Marekani iliifanya ya lazima mwaka 2008 katika mashindano ya samaki wa jamii hii upande wa Atlantiki, kwa wanaotumia chambo asilia. Samaki akifika ubavuni hupimwa urefu angali majini, kuanzia ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia. Alama huchomekwa kwenye nyama ya bega, chini ya tanga lake, na chombo huendelea kusogea mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake. Haachiwi mpaka mkia uanze kupiga wenyewe, hata kama mshipi mwingine tayari unalia.