Kusoma Ukubwani: Uhakiki wa Elimu ya Theologia kwa Watu Wazima Kando ya Ziwa Victoria

Kando ya Ziwa Victoria neno "kusoma" lina historia ambayo sisi tufundishao theologia tumekaribia kuisahau. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, kwa kuwa kumfuata Kristo na kujifunza herufi kulikwenda pamoja. Alexander Mackay, aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi Februari 1890, alikuwa fundi na mchapaji wa sehemu za Maandiko. Huko Bukumbi, jirani na Usagara, Mapadre Weupe waliweka makao yao mwaka 1883, nao walifuata kanuni ya Kardinali Lavigerie ya kumtaka mtu mzima ajifunze miaka minne kabla ya kubatizwa. Hata leo, mtu mzima anayejiandaa kwa ubatizo husemwa kwamba "anasoma dini."

Kwa hiyo mtu mzima mwenye daftari si jambo geni katika nchi hii, wala si aibu. Lakini mwinjilisti wa miaka 50 anapofika chuoni kusomea theologia, twamtazama kama mtoto aliyechelewa shule. Katika makala hii twataka kuuhakiki mtazamo huo, nasi twaanza na makosa yetu wenyewe.

1. Aliyekaa kiti cha nyuma

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja, tulikuwa na mwanafunzi aliyetoka maeneo ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile iendayo Kigongo. Alikuwa na miaka 52, na alikuwa amelitumikia mtaa wake kwa zaidi ya miaka 20. Muhula mzima hakuuliza swali hata moja. Tulipofika kwenye somo la mateso na haki ya Mungu, tulieleza kwa bidii hoja za Leibniz, kisha jinsi tetemeko la ardhi la Lisbon la mwaka 1755 lilivyowatikisa wanafalsafa wa Ulaya. Yeye aliandika kila neno.

Baadaye, katika mazungumzo ya kawaida, ndipo tulipojua kwamba meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, yeye alikuwa miongoni mwa waliokaa na wafiwa. Alisimama makaburini Igoma, walipozikwa wengi ambao jamaa zao hawakuweza kuwatambua. Aliulizwa maswali ambayo hakuna profesa aliyewahi kutuuliza sisi. Tulipomwuliza kwa nini hakuyasema hayo darasani, alijibu kwa upole: "Mchungaji, hapa nimekuja kusikiliza. Ya kwangu niliyaacha nyumbani."

Jibu hilo ni hukumu juu yetu. Si kwamba Lisbon haina maana. Mchungaji apaswa kujua jinsi Kanisa lilivyofikiri katika nyakati nyingine. Kosa ni kwamba tuliivusha Lisbon bahari nzima, tukaiacha Igoma nje ya mlango.

2. Funzo kutoka kwa walima pamba

Haikuwa lazima tukosee hivyo, maana kanda hii ilikwisha kuona njia nyingine. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, uliohusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Hapo mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Kazi ya mtu haikuwa kizuizi cha masomo. Ilikuwa ndiyo mlango wake. Mwalimu Nyerere naye alikwisha kusisitiza mapema kwamba taifa haliwezi kungoja watoto wakue ndipo lianze kujiendeleza.

Lakini hatuna budi kuuhakiki mradi huo pia. Kitabu cha pamba kilimfundisha mkulima namna ya kuongeza mavuno. Hakikumpa nafasi kubwa ya kuuliza ni nani apangaye bei ya pamba. Kazi ilitumika kufundishia, lakini mfanyakazi hakualikwa sana kuhoji. Paulo Freire, katika miaka hiyo hiyo, alionya juu ya elimu inayomfanya mtu kuwa chombo cha kujazwa. Onyo hilo latuhusu pia tulio vyuoni.

3. Njia ya enezi na hatari zake

Kanisa limejaribu dawa yake. Elimu ya theologia kwa enezi ilianza mwaka 1963 katika seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala, ikaenea hadi Afrika Mashariki. Mwanafunzi habomoi nyumba yake wala haachi mtaa wake. Husoma kitabu nyumbani, kisha hukutana na wenzake na mwalimu kwa majadiliano. Mfano wake twauona kwa Apolo, mhubiri hodari ambaye Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo. 18:24-26). Hakuambiwa aanze upya kana kwamba hajui kitu, wala hakuachwa na upungufu wake kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri.

Hata hivyo tuna malalamiko mawili. Kwanza, vitabu vya enezi mara nyingi humtaka mwanafunzi ajaze neno moja katika nafasi iliyoachwa wazi. Mtu aliyepatanisha koo mbili zilizogombania shamba hawezi kupimwa kwa neno moja. Pili, Kanisa lenyewe huiona njia hii kuwa ya daraja la pili, ya wale waliokosa chuo. Tukiendelea hivyo, tutakuwa na elimu ya wenye nafasi na elimu ya wenye kazi, ilhali Bwana wa mavuno ni mmoja.

4. Pingamizi

Watakuwapo watakaosema kwamba wengine hurudi shule wakitafuta kola na mshahara. Ni kweli, wapo. Lakini tamaa hiyo haingoji umri; twaikuta hata kwa vijana, isipokuwa kwao twaiita matumaini. Wengine watasema kwamba twataka kushusha kiwango. La hasha. Mazoea ni mwalimu, lakini si mwalimu asiyekosea. Mtu aweza kurudia kosa moja miaka 20 na kuliita uzoefu. Mwanafunzi mtu mzima anahitaji Maandiko yachambuliwe kwa makini, historia ya Kanisa, na mafundisho ya imani, ili yale aliyoyaona yahojiwe. Tunachokataa ni kuyahoji kabla ya kuyasikia.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kila mwanafunzi aliyekwisha kutumika aanze masomo kwa kuandika au kusimulia tukio moja la mtaani kwake lililomshinda, na somo la theologia ya kichungaji lijengwe juu ya matukio hayo. Mtihani wa mdomo, kwa Kiswahili, upewe uzito sawa na ule wa maandishi. Na mke au mume abakiaye nyumbani na watoto na shamba ahesabiwe katika mipango ya masomo, maana gharama kubwa hubebwa na huyo.

5. Hitimisho

Katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa, Martin Luther, akiwa daktari wa theologia na mtu wa makamo, akiri kwamba yeye bado hujifunza katekisimo kila siku kama mtoto. Hakuona haya. Basi anayerudi darasani ukubwani hajachelewa. Amefika mahali ambapo mwalimu wake naye apaswa kuwapo. Mwanafunzi wetu wa Usagara alimaliza masomo akarudi mtaani kwake. Sisi tumebaki na deni la kumwuliza, kwa kuchelewa, alichowajibu wale wafiwa.