Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini

Ukiishaipita Sake, kilomita kama 25 magharibi ya Goma, lami unaiacha nyuma. Njia hupanda milima ya Masisi katikati ya malisho ya ng'ombe, juu ya udongo mfinyanzi uliochanganyika na mawe, na mvua zikishika, malori hukata mifereji inayogusa ekseli. Mbele, kuelekea Walikale, milima hushuka ikaingia msituni, na palipoishia mawe matope hupokea zamu. Vita navyo, vilivyofika Sake mwanzoni mwa 2024 na mji wa Walikale Machi 2025, havijengi barabara. Barabara isiyotengenezwa huliachia gari kazi yake, na gari humwachia fundi anayelala chini yake uani, juu ya kipande cha turubai.

Gari lenyewe mara nyingi ni Land Cruiser HZJ75 ya miaka ya 1990, lenye springi za bapa mbele na nyuma, limebeba viazi, maharagwe, jibini na watu juu ya mzigo. Springi ndizo zinazobeba uzito wote huo. Shokamzoba, au amortisere kama wasemavyo Goma, haibebi kitu. Yenyewe huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo kupita. Ndani ya mrija wake mna pistoni yenye vitundu na vali, na mrija umejaa oili. Gari likidunda, oili hulazimika kupenya vitundu hivyo kwa shida, na nguvu ya mdundo hugeuka joto. Kwenye mashimo yanayofuatana bila nafasi, oili hupata moto na kufanya povu, na povu halizuii kitu. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilitafutia dawa tatizo hilo: aliikandamiza oili kwa gesi yenye shinikizo ili povu lisipate nafasi ya kutokea.

Kwa gari dogo, fundi hukandamiza kona ya bodi kisha akaiachia. Ikipanda na kushuka mara kadhaa, shokamzoba imechoka. Kwa gari la springi za bapa jaribio hilo hudanganya, kwa sababu bapa zenyewe husuguana na kuupunguza mdundo. Hapo fundi mzoefu hungoja gari lirudi safari, na kabla dereva hajamaliza kushusha mizigo, yeye amekwisha kuinama akizigusa shokamzoba zote nne kwa mgongo wa mkono. Zinazofanya kazi zina joto. Iliyo baridi imepanda na kushuka milima ya Masisi bila kumeza mdundo hata mmoja. Baada ya hapo ndipo anapotazama oili iliyovuja na kugandamana na vumbi, na tairi lililolika mabaka mabaka.

Kazi huanza jana yake. Nati iliyokaa miaka ndani ya matope haifunguki kwa kulazimishwa. Itakatika, na bolti iliyokatikia kwenye chesisi ni balaa la siku nzima. Kwanza hupigwa brashi ya waya hadi meno ya bolti yaonekane, ndipo humwagiwa oili nyepesi na kuachwa ilale. Asubuhi magurudumu yanayobaki chini huwekewa mawe, na jeki ikishanyanyua, magogo ya mti mgumu husukumwa chini ya chesisi. Fundi anayejua hamwachii jeki roho yake. Ekseli nayo hupewa egemeo lake, ili shokamzoba isiwe imevutwa wala kubanwa wakati bolti inatoka.

Shokamzoba mpya hutoka kwenye boksi imelala, na huenda hewa imepenya mahali pa oili. Kwa hiyo hushikwa wima, ikavutwa na kusukumwa taratibu mara kadhaa, mpaka mkono usikie uzito ule ule toka mwanzo hadi mwisho wa mvuto. Sehemu nyingine mkono huanguka ghafla, kisha ukakamatwa: hiyo ni hewa, rudia. Zile zinazofungwa juu kwa nati moja zina mtego wao, maana fimbo huzunguka pamoja na nati. Mwenye haraka huibana fimbo kwa plaizi. Alama ndogo ya meno ya plaizi kwenye chuma kile king'aacho itaikwaruza sili kila fimbo inapopita, na oili itaanza kuvuja. Mwenye subira huishika ncha ya fimbo kwa spana ndogo, nati akaizungusha kwa nyingine. Tena hufunga mbili mbili kwa ekseli, maana nzima ikiwa upande mmoja na iliyochoka upande wa pili, gari huyumba.

Kisha linakuja jambo linalomtofautisha fundi na mfungua nati. Bushi ya raba ya shokamzoba haizunguki, hujinyonga. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba itadhani hapo ndipo penye utulivu wake. Gari likishuka chini tayari imepindika, na kila shimo litaipinda zaidi hadi ichanike. Kwa hiyo nati hizi hufungwa kwa vidole tu. Magogo hutolewa, gari hushushwa, husukumwa mbele na nyuma kidogo likae lilivyozoea, ndipo fundi anarudi chini kulala kwa mara nyingine na kuzikaza kwa nguvu zote. Kazi ilionekana imekwisha, mikono imechoka, mwenye gari ameshatoa funguo mfukoni, lakini nati bado.

Magari madogo yenye springi iliyoizunguka shokamzoba ni habari nyingine. Springi ile hukaa imebanwa, na ikifyatuka inaweza kuua mtu. Asiyekuwa na kibanio chake, kama ni fundi kweli, huikataa kazi na kuiacha fedha iende kwa mwingine.

Safari ya kwanza ikishapita, fundi hutaka gari lirudishwe uani azipime nati tena. Madereva wengi huona ni kupoteza muda. Wanaorudi humkuta akiongeza robo ya mzunguko hapa, robo pale, na kwa robo hizo hatozi kitu.