Fundi wa karatasi ana jina lake



Majuzi nimerudia kusoma makala za Yanagi Soetsu, yule mwanafalsafa wa Kijapani wa sanaa za mikono, zilizotolewa kwa Kiingereza mwaka 1972 kwa jina la The Unknown Craftsman. Naomba nitoe dukuduku langu.

Yanagi aliipenda mno washi, karatasi ya mkono ya kwao. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba uzuri wa kitu kama hicho hautokani na fundi, unatoka kwenye maumbile. Fundi wa kweli hatii sahihi wala hajulikani. Wengi wetu huku ughaibuni tumeimeza hoja hiyo bila kutafuna. Tukiona karatasi yenye nyuzinyuzi, tunasema eti hii ndiyo asili yenyewe.

Asili ipi, jamani? Hebu tuitazame kazi. Kozo, mti wa jamii ya mforsadi, hukatwa kila mwaka majani yakishapukutika, na kisiki huachwa kichipue tena. Matawi hupikwa kwa mvuke, gome likachunwa, ganda jeusi likakwanguliwa, kisha gome jeupe huchemshwa kwa maji ya majivu au magadi. Halafu mtu anaketi kuokota uchafu mmoja mmoja kwa vidole, ndipo linapondwa. Kwenye maji ya kuchotea hutiwa utelezi wa mizizi ya tororo-aoi, mmea ulio ndugu wa bamia. Aliyekula mlenda ataelewa mara moja. Utelezi huo hupungua nguvu kwenye joto, ndiyo maana majira ya kazi bora yalikuwa ya baridi kali, mikono ikiwa ndani ya maji hayo hayo.

Mimi mwenyewe nilijaribu mara moja kwenye karakana ya chuo. Karatasi yangu ya kwanza ilitoka nene upande mmoja na upande wa pili imetoboka. Maumbile yalikuwepo yote: nyuzi, maji, utelezi. Aliyekosekana ni fundi.

Sikatai kila kitu. Yanagi alituonyesha kwamba vitu vya matumizi ya kila siku vinastahili jicho lile lile tunalowapa wachoraji wakubwa. Alisema kweli pia kwamba fundi hulazimika kuutii mti. Lakini kuutii mti ni elimu, na elimu ina mwenyewe. Cha ajabu, Yanagi huyo huyo alikutana na Abe Eishiro, fundi wa karatasi wa Shimane, mwaka 1931, akamtia moyo. Mwaka 1968 serikali ya Japani ikamtangaza Abe kuwa Hazina Hai ya Taifa kwa karatasi yake ya gampi. Kumbe fundi asiyejulikana alikuwa na jina siku zote!

Hili linatuhusu. Tunaposoma miswada ya kale ya tenzi zetu, tunamtafuta mtunzi, tunamtafuta mnakili, tunagombana juu ya irabu moja. Karatasi tunaipita tu. Nyingi ya karatasi hizo zilitoka Ulaya. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, mara nyingi utaona alama ya maji, nembo au herufi za mwenye kiwanda. Na hata hapo ni jina la tajiri, si la yule aliyelowa mikono.

Neno letu waraka limetoka kwenye Kiarabu, ambako shina lake ni la jani na la karatasi pia. Basi lugha imeukumbuka mti, na mtu tumemsahau sisi wasomi. Ombi langu ni dogo: kila anayechapisha mswada aeleze na karatasi yake, alama zake, na ilikotoka. Majina mengi hatutayapata tena, lakini angalau tuache kuandika kana kwamba karatasi iliota yenyewe.

Nakaribisha kukosolewa.