Swichi Iliyojileta

Bakteria anayepumua kutu hafugwi kwa haraka. Unamwandalia chupa ya kioo yenye maji ya chumvichumvi, chakula kidogo kama laktati, na chuma cha aina ile iliyomo kwenye kutu. Unapuliza naitrojeni mpaka oksijeni yote iishe, unaziba kwa kizibo kizito cha mpira, unakibana kwa kifuniko cha alumini. Tangu hapo chupa haifunguliwi. Ukitaka kujua yanayoendelea ndani, unatoboa kizibo kwa sindano, unavuta tone moja na kulichanganya na dawa iitwayo ferozini. Tone likigeuka zambarau, chuma kimepokea elektroni, maana yake bakteria wamepumua. Lisipogeuka, unarudi kesho.

Kazi ya namna hii haina shangwe, na pengine ndiyo sababu wanaoijua vizuri hawasifiwi. Mimi nataka kusifu kazi yao moja.

Bakteria wenyewe ni Shewanella oneidensis, wa ukoo uitwao MR-1. Walitolewa kwenye tope la Ziwa Oneida, jimbo la New York, na mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson wakatangaza kwamba wanaweza kukua kwa kupumua manganizi mahali pasipo na oksijeni. Jina la Shewanella linamkumbuka James Shewan, Mskoti aliyechunguza jinsi samaki wanavyooza. Wakuze kwa wingi, uwakusanye chini ya chupa, utaona tonge la rangi ya waridi iliyokolea.

Rangi hiyo ndiyo siri yao. Sisi tukivuta pumzi, oksijeni hufika hadi ndani ya seli na kupokea elektroni zilizobaki baada ya chakula kuvunjwa. Punje ya kutu haiwezi kuingia hivyo. Ni jiwe, nalo liko nje ya ukuta. Basi bakteria huyu huzipeleka elektroni zake nje. Anatumia protini zilizojaa hemu, kile kiungo chenye chembe ya chuma katikati ambacho pia huipa damu yetu wekundu wake. Kwenye utando wa ndani iko protini CymA, yenye hemu 4. Kwenye utando wa nje imepenya MtrA yenye hemu 10, imevikwa na MtrB kama kisu ndani ya ala, na upande wa nje imekaa MtrC yenye hemu 10 nyingine. Elektroni hupita hemu hadi hemu kama karai la zege linavyopita mikononi mwa vibarua mpaka juu ya ghorofa. Mwisho wa safari liko jiwe.

Katika safu hiyo CymA ndiye kibarua wa kwanza, anayejaza karai. Njia nyingi za kupumua bila oksijeni huanzia kwake: ya chuma, ya manganizi, ya fumareti, ya naitreti, ya DMSO. Maabara ya Alfred Spormann katika Chuo Kikuu cha Stanford iliwafutia bakteria jeni ya cymA, nao wakakosa pumzi kama ilivyotarajiwa. Mwenye haraka angeandika kwamba imethibitika, akafunga daftari. Hawa waliendelea kutafuta, kati ya seli nyingi zilizoshindwa, wale wachache ambao wangerudi kupumua bila CymA. Wakapatikana.

Jeni iliyofutwa haikuwa imerudi. Kilichobadilika kilikuwa mahali pengine kabisa kwenye kromosomu, mbele ya jeni mbili ziitwazo sirC na sirD. Kazi ya kawaida ya jeni hizo ni kupitisha elektroni kwenda kwenye salfaiti. Mbele ya jeni hizo kilikuwa kimejipachika kipande kiitwacho ISSod1.

ISSod1 ni kimoja cha vile vipande vya DNA vinavyohama. Hakibebi chochote chenye faida kwa mwenye nyumba. Kinabeba maelekezo ya kukihamisha chenyewe toka hapa hadi pale, basi. Barbara McClintock alivigundua vya jamii hiyo kwenye mahindi huko Marekani miaka ya 1940, kwa kutazama madoa ya punje msimu baada ya msimu, na Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1983. Katika Shewanella, ISSod1 ina nakala nyingi ndani ya seli moja.

Safari hii ilitua mahali pa ajabu. Ncha yake iliungana na herufi za DNA zilizokuwa pale, na kiungo hicho kikawa swichi mpya, nusu ya mgeni, nusu ya mwenyeji, isiyozimika. Jeni za sirC na sirD zikaanza kusomwa mfululizo, salfaiti iwepo isiwepo. Kibarua wa zamu nyingine akaitwa kujaza karai.

Hapa ndipo ninapouona mkono wa fundi. Watafiti hawakusema tu kwamba bakteria wamepona. Walipima njia moja baada ya nyingine. Fumareti ilirudi, chuma kilichofungwa kwenye sitrati kikarudi, DMSO ikarudi, lakini naitreti haikurudi. Kisha wakachukua tando za seli peke yake, nje ya bakteria aliye hai, wakaonyesha kwamba elektroni kweli zinatoka kwenye fomati hadi kwenye fumareti. Taarifa yao ilitoka mwaka 2011, na ile naitreti isiyorudi imeandikwa waziwazi pamoja na yaliyofaulu. Kiraka kilishika mahali fulani, mahali pengine hakikushika, nao walichora mipaka yake yote.

Wala tusikifanye kipande hicho malaika. ISSod1 haikuja kumwokoa mtu. Vipande kama hivyo hutua hovyo, na kikitua katikati ya jeni nzima huivunja. Kati ya seli zisizohesabika, tuliyoiona ni ile iliyobahatika, kwa kuwa ndiyo iliyobaki na pumzi ya kuzaliana. Ustadi haukuwa wa kipande, wala wa bakteria. Ulikuwa wa aliyeweka mazingira ambamo bahati, ikitokea, ingeonekana.

Wahamaji wengine wanaishi humohumo. Kwenye kromosomu ya MR-1 amelala virusi aitwaye LambdaSo. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2014 kwamba chuma chenyewe kinaweza kumwamsha. Seli chache hupasuka, DNA ya seli hizo humwagika, na hiyo DNA huwa gundi inayowashika wenzao waliobaki katika utando wanaoujenga. Chuma kilekile wanachokipumua huwaua baadhi yao na kuwaunganisha waliosalia.

Kwa hiyo wanaowafuga bakteria hawa kwenye elektrodi ili watoe umeme, au kwenye maji ya ardhini ili wakamate urani, hawafugi kitu kilichotulia. Ndiyo maana maabara makini hugandisha nakala za mwanzo kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri na kuzirudia mara kwa mara, badala ya kuhamisha tone kutoka chupa hadi chupa mwaka mzima. Na wewe msomaji, siku utakapoambiwa kwamba jeni fulani haina kazi kwa sababu bakteria aliishi bila hiyo, uliza swali moja kabla ya kukubali: huyo aliyeishi, DNA yake ilisomwa upya?