Maji Hadi Alama: Hesabu za Dawa katika Mtihani wa Mteknolojia wa Dawa

Kijana wa Bukoba au Muleba anayetaka kuwa mteknolojia wa dawa hupitia ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za mafunzo yanayosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), kisha huandikishwa na Baraza la Famasi, chombo kinachosimamia taaluma hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Katika matayarisho ya mitihani ya ngazi hizo, hesabu za dawa ndizo zinazostahili muda mwingi zaidi, kwa kuwa jibu lisilo sahihi hapo si alama iliyopotea tu bali ni kipimo ambacho kesho kitamfikia mgonjwa.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni kitakasa mikono, ambacho watu wa Bukoba walikihitaji sana kati ya tarehe 21 Machi na 2 Juni 2023, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg. Katika kanuni yake ya kwanza ya kutengeneza lita 10, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mililita 8,333 za ethanoli yenye nguvu ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliseroli inayolinda ngozi isikauke, na maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mwanafunzi anayekariri namba hizo huridhika mapema mno. Anayejiandaa vizuri huuliza 8,333 imetoka wapi, naye hugundua kwamba lengo ni asilimia 80 ya ujazo wa mwisho, yaani mililita 8,000 za ethanoli halisi ndani ya 10,000, na kwamba 8,000 ikigawanywa kwa 0.96 ndipo namba hiyo inapopatikana. Pipa lililoletwa likiwa na ethanoli ya asilimia 90, aliyekariri atamimina 8,333 zilezile na kupata mchanganyiko wa asilimia 75, ilhali aliyeelewa atagawanya kwa 0.90 na kupima 8,889.

Mtego wa pili umo kwenye maji. Viambato vitatu vikijumlishwa ni mililita 8,895, na wengi hukimbilia kutoa na kuandika kwamba maji yanayohitajika ni mililita 1,105, ingawa ethanoli na maji vikichanganywa ujazo hunywea kidogo, kwa hiyo lita 10 kamili hazipatikani. Ndiyo sababu maji hayapimwi pembeni bali huongezwa mpaka kwenye alama ya lita 10. Mchanganyiko hukaa saa 72 kabla ya kutumiwa, ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizomo kwenye kimiminika au chupa, kazi ambayo ethanoli haiiwezi.

Kanuni hiyohiyo ya ujazo wa mwisho huonekana katika chupa ya unga wa amoksilini ya watoto. Unga wenyewe unachukua nafasi, hivyo anayemimina mililita 100 za maji katika chupa iliyokusudiwa kufikia mililita 100 hupata dawa iliyozidi ujazo na kupungua nguvu, na kijiko cha mililita 5 kilichoandikwa kuwa na miligramu 125 hakitazifikisha.

Kwa dawa ya mseto ya malaria, yaani ALu, tahadhari huhamia kwenye mipaka ya uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja chenye miligramu 20 za atemeta na 120 za lumefantrini mara 6 ndani ya siku 3, lakini mwenye kilo 15 kamili amekwisha kuingia kundi la vidonge viwili, hivyo hupewa vidonge 12 badala ya 6. Swali huishia hapo mara nyingi, na hapo ndipo linapopungukiwa, kwa maana lumefantrini hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Mzazi wa Muleba anayempikia mwanawe ndizi za kuchemsha zisizotiwa mafuta anahitaji kuelezwa ampe pia maziwa au karanga kila anapomeza dawa, na mwanafunzi anayejizoeza kutoa dawa afanye zoezi la maelezo hayo kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, mara tu anapomaliza kuhesabu vidonge.